Moshi Chini ya Maji

Idarous bin Shee alifika Ruiru mwezi wa tatu wa mwaka 1955 akiwa na mashati mawili, anwani ya mama yake mdogo aliyekaa Thika, na nia ya kumlipiza mtu.

Mtu mwenyewe aliitwa Bwana Tremleti. Alikuwa Mzungu mwenye shamba la kahawa upande wa Mugutha na machimbo ya mawe njia ya kwenda Juja. Kwa majirani zake alikuwa mtu wa karamu na vicheko, na sebule yake ilijaa makabati ya vioo yenye makombe ya baharini, matumbawe na samaki waliokaushwa, kila kimoja na kikaratasi chake. Wageni walipouliza amevipata wapi, alisema: "Kitoni."

Kitoni ndiko alikozaliwa Idarous. Ni kisiwa kidogo kaskazini ya Lamu, na upande wake wa mashariki upo mwamba ambao wazee waliufunga tangu enzi za mababu. Hapavuliwi, hapatiwi nanga, hapaokotwi hata kombe tupu. Walisema samaki wasipoguswa kule, ndio watakaojaza madema ya huku. Baadaye serikali ikaja ikaliandika jambo hilo kwenye karatasi, ikapaita hifadhi, na tangu siku hiyo aliyetaka kuchukua kitu ilimlazimu awe na ruhusa ya Disii, mkuu wa wilaya. Watu wa Kitoni hawakuwahi kupewa ruhusa hiyo. Bwana Tremleti alipewa.

Alikuja na mashua kubwa, na juu ya mashua amepakia mashine ya upepo kutoka machimboni kwake, ile ya kuendeshea keekee za kutobolea mawe. Mashine ilivuta hewa kwa mdomo mmoja, ikaisukuma ndani ya mpira mrefu, na mpira ukaishia kwenye barakoa yenye kioo. Mtu akiivaa angeweza kukaa chini ya maji nusu saa bila kuibuka. Vijana wa kisiwani, waliozoea kuzamia kwa pumzi ya kifua tu, walishika midomo. Hassan, kaka yake Idarous, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitolea.

Hassan aliupenda mwamba ule kama mtu anavyopenda nyumba ya bibi yake. Aliibuka kila mara akicheka, na kabla hajafuta chumvi machoni ameshaanza kusimulia: pono wanaotafuna matumbawe mpaka unawasikia, kasa aliyelala chini ya jiwe kama mzee msikitini, chewa mkubwa kama ndama anayetoka pangoni kumkodolea macho. "Idarous," alisema, "hatujapata kuuona mwamba wetu. Tulikuwa tukiuchungulia tu."

Siku ya nne upepo uligeuka. Idarous ndiye aliyekuwa ameshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa kaka yake. Mvuto mmoja, mambo sawa. Mivuto miwili, nitoe. Akaona moshi wa injini, uliokuwa ukienda zake baharini, sasa unalala juu ya mashine yenyewe.

"Bwana," akasema, "moshi unarudi kwenye mashine."

"Hapana kelele," alijibu Bwana Tremleti. "Yeye nakata ile tumbawe kubwa ya mwamba. Dakika tano tu."

Kamba ikavutwa mara mbili.

"Bwana, ananiita!"

"Dakika tano, mimi nasema!" Na akaushika mkono wa Idarous usivute.

Walipomtoa Hassan hakuwa na pumzi tena. Jioni ile ile Idarous alimwosha kaka yake kwa mikono yake, na kitu kimoja kikamkaa moyoni: midomo ya maiti ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyetoka kutafuna tambuu. Aliyekufa maji huwa wa samawati. Hilo kila mtu wa bahari analijua. Alilisema mbele ya Disii. Akaisema na habari ya moshi.

Bwana Tremleti naye alisimama, kofia kifuani, akasema kwa huzuni nyingi kwamba kijana alikuwa na kifafa. Alianguka mara mbili mashuani, akaificha hali yake ili asikose kazi. Disii akaandika kifafa. Idarous alipopinga, aliambiwa: "Wewe ni mpiga mbizi. Mambo ya mashine unayajua?"

Hakuyajua.

Neno lile kifafa liliingia kisiwani, likakaa kama mgeni asiyeaga. Ugonjwa wa ukoo, watu walinong'ona. Dada yao, Khamisa, alikuwa ameshaposwa, na siku ya harusi imeshatajwa. Kabla ya arobaini ya Hassan, upande wa mchumba ukatuma mwanamke mmoja mtu mzima, akakaa kibarazani, akazunguka maneno weee, mwisho akasema wamejitoa. Khamisa hakulia mbele yake. Aliingia ndani, akazivunja chupa za marashi moja baada ya moja, na nyumba ikanukia harusi kwa siku tatu.

Hapo ndipo Idarous alipoamua kwamba mambo ya mashine atayajua.

*

Mama mdogo Amida aliishi Majengo, Thika, na mumewe muuza nyama. Alimpokea mwana wa dada yake kwa wali na machozi. Usiku hata haujaingia alikuwa ameshamsoma.

"Umefuata nini huku bara, mwanangu? Bahari imekauka?"

"Kazi, mama."

"Kazi kwa nani?"

Idarous alipomtaja, Amida aliweka kikombe chini. "Mwachie Mungu."

"Nimemwachia. Mimi nakwenda kumsaidia."

Wakati ule ulikuwa wa Hali ya Hatari. Wakikuyu, ambao ndio wenyeji, hawakuweza kutembea hatua mbili bila kibali, wengi walikuwa wamefungiwa, na wenye mashamba na machimbo walikuwa wakiokota watu wa mbali. Idarous alisimama kwenye mstari wa machimboni pamoja na Wakamba wengi, na Bwana Tremleti mwenyewe akapita akiwakagua kama ng'ombe wa mnada. Idarous alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Alikuwa amefuga ndevu, lakini alidhani macho yatamfichua.

"Wewe natoka wapi?"

"Pwani, bwana."

"Ah! Mimi napenda pwani sana." Akampita. Hakumkumbuka hata chembe. Mkono alioushika mashuani, sauti iliyomlilia, vyote vilikuwa vimemtoka kichwani. Idarous aliandikwa kazi, na kutoka siku hiyo chuki yake ikapata mizizi mipya, maana kusahauliwa ni tusi la aina yake.

Aliwekwa chini ya fundi wa mashine, Kimeu, Mkamba wa Machakos mwenye kifua kipana na maneno machache, aliyezijua injini kwa kuzisikiliza tu. Kimeu alimpenda kwa sababu hakuchoka kuuliza. Alimfundisha kufungua, kusafisha, kubadilisha ringi, kusikia valvu inayovuja. Na jambo la kwanza kabisa alilomfundisha lilikuwa hili:

"Hii mdomo inavuta hewa. Hii bomba inatoa moshi. Hawa wawili wasionane. Unaskia? Hapana onana hata siku moja."

"Wakionana?"

Kimeu alitema mate kando. "Kuna jamaa yetu, Mwanzia, alikuwa anachimba kisima huko Juja. Wakaweka injini ya pampu karibu na shimo. Moshi ikashuka pole pole. Haina maumivu mingi, unalewa tu, halafu basi. Tulimtoa mdomo nyekundu, ungedhani msichana amepaka rangi."

Idarous aligeuza uso ajifanye anatafuta spana. Miezi kumi na minne alikuwa amelibeba swali lile, na jibu lake lilikuwa limekaa Ruiru kwenye kinywa cha mtu aliyenuka grisi.

Kuanzia siku hiyo hakutaka tena kumuua Bwana Tremleti. Kumuua kungekuwa rahisi. Machimboni mawe huanguka kila juma. Lakini Tremleti akifa, kifafa kingebaki kwenye vitabu vya Disii, na Khamisa angebaki alipo. Alitaka kitu kikubwa zaidi. Alitaka Mzungu, mwenye elimu ambayo Disii hawezi kuipinga, aseme kwa kinywa chake: ni moshi. Na ili aseme, lazima auone moshi huo ndani ya mwili wa mtu. Idarous aliwaza mwili huo uwe wa nani, na hakuwaza sana.

Akasubiri. Alisubiri miaka miwili na zaidi. Akawa mkono wa kulia wa Kimeu, akala naye, akamuuguza homa ilipomshika. Kila Ijumaa alitembea hadi Thika kwa Amida, na Amida hakuuliza tena.

*

Mwezi wa nane mwaka 1957 habari zilienea machimboni kwamba Bwana anarudi Kitoni. Safari hii amepata ruhusa ya kuchukua samaki wakiwa hai, na kasa pia, kwa ajili ya watu wa Ulaya. Alinunua barakoa mpya, mipira mipya, na akataka kuvijaribu kwanza kwenye bwawa la shamba lake, Jumapili mchana, mbele ya marafiki. Miongoni mwao alikuwapo Daktari Lauden wa Thika, mzee mwembamba mwenye sifa ya kutosema uongo hata kwa adabu. Idarous alilisikia jina hilo, akajua siku imefika.

Mashine ilipandishwa ukingoni mwa bwawa. Kimeu alikuwa amelifungia bomba la moshi kipande kirefu cha chuma chenye kiwiko, ili moshi upelekwe mbali na mdomo wa hewa. Wageni walikaa chini ya hema jeupe na vinywaji vyao. Wapishi walikuwa wanazunguka na sinia. Kimeu alishuka majini hadi magotini kuuangalia mpira, na Idarous akabaki juu na mashine, kamba mkononi, kama zamani.

Bwana Tremleti alikuja akiwa na kaptura tu, tumbo limemtangulia. Kabla ya kuvaa barakoa alisimama karibu na mashine, akalamba kidole na kukiinua juu kupima upepo.

"Moshi nakwenda wapi?"

"Kule, bwana," alisema Kimeu kutoka majini.

"Angalia sana. Mimi hapana taka kufa kama ile mtu ya Kitoni." Akacheka kidogo, akamtazama Idarous bila kumwona. "Huko mimi nilipoteza mpiga mbizi moja. Mzuri sana. Alikula moshi. Shauri ya upepo."

Akavaa barakoa, akaingia majini.

Idarous alisimama pale, na kwa muda hakusikia injini wala vicheko vya hemani. Miaka yote alikuwa amejiachia kijitundu kimoja cha shaka: labda Mzungu yule ni mjinga tu, labda aliamini kweli habari ya kifafa. Sasa kijitundu kiliziba. Alijua. Alijua tangu siku ile, akasimama mbele ya Disii na kofia kifuani.

Akatoa spana mfukoni, akalegeza nati mbili, akakizungusha kiwiko mpaka kikautazama mdomo wa hewa uso kwa uso. Akakaza nati. Kazi safi, ya kufundishwa na fundi.

Mvuto mmoja. Mambo sawa.

Akajibu kwa mvuto mmoja.

Dakika zikapita. Vipovu vilikuwa vinatembea juu ya maji, kwenda na kurudi, taratibu. Halafu vikasimama mahali pamoja. Kamba ikatikisika bila maana, kama samaki anayeonja chambo. Halafu, wazi kabisa, mivuto miwili.

Hapo ndipo alipokuwa amepanga kuvuta. Alilipanga hivyo kwa miaka miwili: kwenye mivuto miwili nitamtoa, atakuwa amelewa, daktari ataona, yatatosha. Mikono yake ilikuwa tayari kwenye kamba. Haikuvuta.

"Dakika tano," alisema kwa sauti ndogo.

Kamba ikavutwa tena mara mbili, kwa nguvu ya mtu anayeogopa. Idarous akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa utulivu, moja moja, na utamu aliousikia kifuani ulimshangaza yeye mwenyewe, kwa sababu hakuwa ameonja kitu kitamu tangu Kitoni. Alipofika themanini kamba ilitulia. Alipofika mia moja na ishirini, Kimeu aligeuka.

"Idarous! Kamba! Kwani hauoni imelala?"

Aliendelea kuhesabu.

"Idarous, vuta!" Kimeu alianza kupanda ukingo mbio, akiteleza kwenye matope. Na ni uso wa Kimeu, si huruma nyingine yoyote, uliomfanya Idarous ashtuke na kuvuta. Walivuta wote wawili. Bwana Tremleti akaja juu kama gunia.

Hemani kukapigwa yowe. Daktari Lauden alikuja akikimbia kuliko alivyopaswa mtu wa umri wake, akamlaza rafiki yake kifudifudi, akawa anambana mgongo na kuinua viwiko vyake, akabana, akainua. Ilichukua muda mrefu sana. Mke wa Tremleti alikuwa amepiga magoti kwenye majani akiwa ameshika viatu vya mumewe. Mwishowe mgonjwa akakoroma, akatapika, akavuta pumzi. Daktari akamgeuza. Akaitazama midomo yake, akaichukua barakoa, akanusa ndani.

"Moshi wa injini," alisema, kwanza kwa Kiingereza, kisha, kwa kuwa Idarous alikuwa amesimama mbele yake akimwuliza, kwa Kiswahili kizuri.

"Una hakika, daktari? Si kifafa?"

"Kifafa? Kifafa hakimfanyi mtu mwekundu namna hii. Ni moshi."

"Na mtu akitolewa baharini, mashine ikiwa juu yake, na midomo yake iwe hivi hivi?"

Daktari alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ni moshi pia. Kwa nini?"

"Naomba uiandike, daktari. Iandike yote, na jina langu uliandike. Mimi ni Idarous bin Shee wa Kitoni. Kaka yangu alikuwa Hassan."

Kimeu alikuwa ameshakwenda kwenye mashine. Alikiona kiwiko. Alirudi polepole, mikono imemning'inia.

"Ni wewe umefanya hii?"

"Ni mimi."

"Kwa mashine yangu," alisema Kimeu. "Na mambo yale nilikufunza mimi." Alikwenda akakaa mbali na watu wote mpaka askari walipofika.

*

Kesi ilisikilizwa Thika. Idarous hakukana lolote. Alipopewa nafasi alisimulia tangu mwamba wa Kitoni hadi bwawa la Ruiru, na hakimu alipotaka kumkatiza alisema, "Bwana, wewe utanifunga, hilo najua. Acha basi karani aandike mpaka mwisho." Karani akaandika. Daktari Lauden alieleza alichokiona. Kimeu aliitwa na upande wa serikali aeleze habari ya kiwiko, akaeleza. Kisha akaulizwa kama ana neno jingine, akasema analo: Bwana mwenyewe, kabla hajaingia majini, alisema mtu wa Kitoni alikufa kwa moshi. Mke wa Tremleti aliinuka akatoka nje. Kesho yake Kimeu hakuwa na kazi machimboni.

Idarous alipewa miaka saba na kazi ngumu.

Tremleti hakufa. Lakini mikono yake ilitetemeka isiweze kushika hata kijiko, na maneno yalimpotea. Angeanza kusema "maji" akaishia kusema "meza", akalia kwa hasira. Shamba lilipangishwa, naye akarudishwa kwao Uingereza akisukumwa kwenye kiti. Ruhusa ya kuchukua samaki Kitoni ilifutwa. Hakuna aliyewaambia watu wa kisiwani sababu. Waliona tu kwamba mashua haikuja.

Amida aliruhusiwa kumwona gerezani mwaka uliofuata. Alikaa upande wa pili wa waya, buibui limeshika vumbi la safari.

"Karatasi ya mahakama imefika kwenu," alisema. "Kadhi ameisoma msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Neno lile kifafa limefutwa."

Idarous aliinamisha kichwa. "Na Khamisa?"

"Wale waliojitoa wamerudi. Wametuma watu saba, pamoja na yule yule mama. Khamisa amewapikia biriani, amewaacha wakala wakashiba, wakanawa mikono. Kisha akawaambia hapa hakuna mke wao, watazame nyumba nyingine."

Idarous alicheka. Alicheka hadi askari akamtupia jicho. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Umemwona Kimeu?"

"Nilimwona sokoni Thika, anatengeneza baiskeli za watu. Nilimsalimia. Alivuka barabara."

Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha Idarous alfajiri, wala si lile bwawa.

"Na yule Mzungu," Amida aliuliza mwisho, maana alikuwa mcha Mungu na ilimbidi aulize. "Unamwombea?"

"Kila sala."

Uso wa mama mdogo ulilainika. "Unamwombea nini, mwanangu?"

"Umri mrefu," alisema Idarous. "Namwombea aishi sana."

Amida alimtazama, akakusanya kikapu chake, akamwambia kwamba shati lake jipya ameliacha kwa askari wa mlangoni, na akaenda kutafuta gari la kurudi Thika kabla mvua haijanyesha.